Jinsi ya kuwafundisha wanafunzi wa shule ya upili kuandika hadithi zenye taharuki

Swali hili huletwa na walimu wa Kiswahili kila muhula: wanafunzi wangu wanaijua taharuki, yaani ile hamu na wasiwasi wa msomaji kutaka kujua kitakachofuata, wakiulizwa katika fasihi wanaifafanua vizuri na kuitolea mifano, lakini wakiandika insha zao haimo hata chembe. Nifanyeje? Wengine huuliza kwa namna nyingine: kwa nini kila hadithi ninayosahihisha ina majambazi watatu, bastola, usiku wa manane, na mwisho wake ni "kumbe ilikuwa ndoto"?

Wanafunzi hawa wamezoezwa kuitambua taharuki katika kazi ya mtu mwingine. Hawajaonyeshwa inavyotengenezwa. Kwa hiyo wanadhani hutokana na ukubwa wa tukio: damu ikizidi, taharuki nayo imezidi. Ukweli ni kwamba hutokana na jinsi mwandishi anavyotoa habari. Lipi msomaji aambiwe sasa, lipi lisubiri, na lisubiri hadi lini. Hilo linafundishika, tena bila vitabu vya ziada.

Mwongozo huu nimeuandika nikiwafikiria wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu nchini Kenya, ambao bado wana nafasi ya kujaribu kabla mtihani haujawabana. Mwalimu wa sekondari Tanzania ataweza kuutumia vilevile. Abadilishe tu sehemu ya mtihani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Vipindi vitano au sita vya dakika 40. Ukipata viwili mfululizo kwa ajili ya hatua ya 5, afadhali zaidi.
- Hadithi fupi moja unayoijua kiasi cha kuisimulia bila kutazama kitabu. Hadithi ya kwenu kijijini inatosha.
- Vipande vya karatasi vyenye ukubwa wa kiganja, vitatu kwa kila mwanafunzi. Karatasi zilizotumika upande mmoja zinafaa kabisa.
- Saa inayoonekana na darasa zima.
- Aya moja ya taharuki uliyoiandika wewe mwenyewe. Usiikwepe sehemu hii. Mwalimu aliyewahi kuhangaika na aya moja huwasaidia wanafunzi wake kuliko aliyebeba fasili kumi.

Usianze kwa kuandika maana ya taharuki ubaoni. Wameshainakili mara nyingi.

Hatua ya 1: Simulia, kisha nyamaza

Ingia darasani, sema "Hadithi, hadithi!" na usubiri waitikie "Hadithi njoo!" Hata vijana wa kidato cha tatu wanaojiona wamekua wataitikia. Simulia kwa utulivu. Ukifika mahali ambapo jambo linakaribia kutokea, katiza. Waambie waandike kwenye kipande cha kwanza cha karatasi swali lililo kichwani mwao wakati huo huo. Wasiandike jibu wala utabiri, swali tu.

Endelea, ukatize tena, kisha mara ya tatu. Kusanya vipande na usome vichache kwa sauti.

Utaona kwamba pale ulipokatiza vizuri, karibu darasa zima limeandika swali moja kwa maneno tofauti. Pale ulipokatiza vibaya, maswali yametawanyika au wameandika "sina swali". Waonyeshe tofauti hiyo. Kwa kipindi kimoja wameshaona kwamba taharuki ni swali linaloshirikiwa na wasomaji wote, ambalo msimuliaji analijua na analichelewesha kwa makusudi. Wale waliowahi kusoma hadithi za mfululizo magazetini watakumbuka mahali neno "Itaendelea" lilipopenda kukaa.

Hatua ya 2: Kila hadithi iwe na swali moja kuu

Kabla mwanafunzi hajaandika aya yoyote, aandike swali la hadithi yake kwa muundo huu: *Je, fulani atafaulu kufanya jambo fulani kabla ya jambo fulani?*

Mifano:

- Je, Baraka atairudisha baiskeli ya mjomba kabla mjomba hajaamka?
- Je, Achieng' atavuka mto kabla maji hayajafika darajani?
- Je, Musa ataipata barua ya shule kabla baba hajaifungua?

Neno "kabla" ndilo linalobeba mzigo. Bila hilo hadithi haina mwendo, maana mhusika anaweza kufanya jambo lake kesho au keshokutwa na hakuna kitakachoharibika.

Onyo: "Je, nini kitatokea?" halikubaliki. Mwanafunzi akiandika hivyo, yeye mwenyewe hajui hadithi yake inakwenda wapi. Mrudishe, hata ikibidi kutumia kipindi kizima. Muda unaotumia hapa unauokoa wakati wa kusahihisha.

Hatua ya 3: Hatari iwe ndogo, lakini iume

Kwa hadithi ya kwanza, piga marufuku haya: silaha, majambazi, majini, ajali ya gari, kifo na ndoto. Watalalamika. Shikilia.

Ukiondoa vitu hivyo, mwanafunzi hulazimika kutafuta hatari katika maisha anayoyajua, na hapo ndipo uandishi wake hupata uzito. Pesa za chama cha kuweka akiba ambazo mama amempa apeleke, na amezipunguza. Simu iliyofichwa bwenini wakati shule imekataza simu. Mdogo wake aliyeachiwa amtunze, naye hamwoni. Muulize kila mmoja: mhusika wako akishindwa, anapoteza nini, na ni nani atakayemtazama usoni? Akilijibu vizuri swali la pili, hatari imepatikana.

Kuna sababu nyingine ya kuepuka kifo. Wanafunzi wengi huandika kwa nafsi ya kwanza. Msomaji anapoona "nilikimbia", anajua huyu alipona, ndiyo maana anasimulia. Kuuliza "Je, nitakufa?" katika hadithi ya "mimi" ni kupoteza wino. Lakini "Je, nitaaibika?", "Je, ataniamini tena?", "Je, nitamwangusha?" yote yanabaki wazi hadi mstari wa mwisho.

Hatua ya 4: Amua nani anajua nini

Chora ubaoni safu mbili: *msomaji* na *mhusika*. Kisha toa mfano. Kijana anaamka alfajiri kwenda kukamua ng'ombe. Anavaa buti za mvua zilizolala nje. Anaumwa na nyoka. Darasa litashtuka, basi.

Sasa anza upya: usiku, nyoka anatambaa ukumbini na kuingia ndani ya buti la kushoto. Alfajiri kijana anatoka. Anapiga miayo. Anavaa buti la kulia. Anakumbuka ndoo, anarudi ndani. Anatoka tena. Anashika buti la kushoto, mama anamwita. Tukio ni lile lile na nyoka ni yule yule. Kilichobadilika ni kwamba msomaji anajua na mhusika hajui, kwa hiyo kila jambo dogo analofanya limekuwa na uzito.

Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alilieleza jambo hili kwa bomu lililo chini ya meza: likilipuka ghafla, watazamaji wanapata sekunde 15 za mshtuko, wakijua mapema kwamba lipo, wanapata dakika 15 za taharuki. Wanafunzi huupenda mfano huo, lakini nyoka wa kwenye buti wanamwelewa haraka zaidi.

Kuna njia mbili nyingine. Msomaji na mhusika wanaweza kujua sawa, wote wakitafuta jibu. Au mhusika anajua zaidi na anatuficha. Hii ya tatu ni ngumu, na kwa mwanafunzi anayeanza mara nyingi huonekana kama udanganyifu. Waanze na ya kwanza.

Hatua ya 5: Waandike tukio moja, polepole

Hapa ndipo pa kutumia vipindi viwili mfululizo. Wasiandike hadithi nzima. Waandike dakika tano za hadithi, zile za mwisho kabla swali halijajibiwa. Waonyeshe kwanza aya kama hii, ambayo ni ya kawaida sana katika madaftari yao:

"Matroni aliingia bwenini na kuanza msako. Niliogopa sana. Moyo wangu ulidunda kama ngoma. Alipofika kitandani pangu simu ikalia. Nilikamatwa na kupelekwa kwa mwalimu mkuu."

Kila kitu kimo na hakuna kinachomgusa msomaji. Sasa isome hii:

"Simu ilikuwa ndani ya kopo la sabuni ya unga. Sikuwa nimeizima. Mama alisema angepiga saa tatu kamili, akitoka kumwona babu hospitalini.

Matroni alianzia kitanda cha kwanza. Akalikunjua blanketi, akalikung'uta, akalikunja tena. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu kasoro dakika nne.

Kitanda cha pili. Akamwambia Nafula afungue sanduku. Ufunguo haukuonekana. Nafula akapapasa mfukoni, akapapasa chini ya mto. Nikaomba usionekane kabisa. Ukaonekana.

Kitanda cha tatu kilikuwa changu.

'Wewe sabuni yako haiishi?' Matroni akauliza. Akalinyanyua kopo, akalipima uzito kwa mkono."

Acha hapo. Usiwasomee mwisho hata wakikuomba. Waulize: neno "niliogopa" liko wapi? Halipo. Swali la hadithi limezaliwa mstari wa ngapi? Wa pili, kwenye "sikuwa nimeizima". Kwa nini tumetumia mistari kadhaa kwa ufunguo wa Nafula, ambaye si mhusika mkuu? Kwa sababu tunamchelewesha matroni huku saa inasonga, na kila anachofanya ni jambo la kweli la msako wa bwenini. Zingatia hili la mwisho: ucheleweshaji ujengwe kwa vitendo vinavyostahili kuwapo. Mwanafunzi akisimamisha tukio ili aeleze rangi ya pazia au jinsi mwezi ulivyong'aa, msomaji ataruka mistari.

Kisha waandike zao, kimya, dakika 30. Wewe nawe andika.

Hatua ya 6: Watumie sarufi wanayoijua

Sehemu hii naipenda kuliko zote, maana ngeli, vinyambuo na viambishi ambavyo wanafunzi huviona kama adhabu ya karatasi ya lugha hugeuka ghafla kuwa vifaa vyao vya kazi.

Anza na ngeli. Andika ubaoni: "Kitu kilisogea nyuma ya pazia. Kikasimama. Kisha akakohoa." Waache waisome taratibu. Kiambishi kimoja tu, *a-* badala ya *ki-*, kimetuambia kwamba ni kiumbe hai, pengine mtu. Hatukuhitaji kusema "Lo, kumbe alikuwa binadamu!"

Kauli za kitenzi nazo zina faida. "Mlango ulifunguliwa" ina maana kuna mtu aliyeufungua, ingawa hatujamwona. "Mlango ulifunguka" inatuacha tukijiuliza: ni upepo, au ni nini? Mwanafunzi achague kwa makusudi.

Linganisha "Baba hakurudi" na "Baba hajarudi". Ya kwanza imelifunga jambo. Ya pili imeliacha wazi, na ukiirudia inazidi kukaza: "Saa nne. Hajarudi. Saa tano. Hajarudi."

Kiambishi *-ka-* huendesha mambo mbio: akaingia, akachukua, akatoka. Kinafaa pale kamba inapokatika. Katika kusubiri, *-ki-* hufaa zaidi: "Nilimsikia akipanda ngazi" inamweka mtu bado njiani, ilhali "Alipanda ngazi" imeshamfikisha juu.

Tena Kiswahili hakimlazimishi mwandishi kutaja kama mtu ni wa kiume au wa kike. "Aliyepiga simu hakujitambulisha" inaweza kuendelea aya tatu bila kufichua. Wanafunzi huitupa nafasi hii kwa kuandika "mwanamume mmoja mrefu" mara tu mtu anapotokea.

Kuhusu tashbihi na semi za kukariri, zile za kutetemeka kama unyasi na giza totoro, najua walimu wengi wanahofia kuzikataza kwa sababu upambaji wa lugha unatuzwa katika mtihani. Usizikataze. Ziwekwe mahali palipotulia, na kilele kiachwe na sentensi fupi zisizo na pambo.

Hatua ya 7: Warudi mwanzoni kupanda dalili

Tukio likishaandikwa, ndipo waandike kinachotangulia. Kila kitu kitakachookoa au kumwangamiza mhusika mwishoni lazima kiwe kimeonekana mapema, bila kelele. Kama kopo la sabuni litamponza, tulione asubuhi akifua. Kama mbwa wa jirani atamwokoa, tumsikie akibweka aya ya pili.

Onyo: dalili isitangazwe. "Sikujua kwamba kopo hilo lingeniletea balaa" ni sentensi inayoharibu hadithi nyingi. Wakiitumia zaidi ya mara moja, ifute.

Hatua ya 8: Wasomeane

Wawili wawili. Mmoja anasoma, mwingine ana penseli na kipande cha karatasi. Msikilizaji anaandika mambo mawili tu: swali alilokuwa nalo, na mahali alipochoka. Asisahihishe tahajia wala asiseme "ni nzuri". Mwandishi analinganisha swali la msikilizaji na lile aliloliandika katika hatua ya 2. Yakitofautiana, arekebishe ufunguzi. Mara nyingi tatizo liko huko, si kwenye kilele.

Hatua ya 9: Waandae kwa mtihani

Katika KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne nchini Kenya, karatasi ya Insha, 102/1, mtahiniwa huwa na saa moja na dakika 45 kwa insha mbili, kila moja alama 20, isiyopungua maneno 400. Swali la kwanza ni la lazima, na lingine huchagua. Miongoni mwa ya kuchagua huwamo methali na mdokezo wa kuanzia au kumalizia, na hapo ndipo mafunzo haya yanapolipa.

Mdokezo wa kumalizia una mtego. Tuseme mtahiniwa ameambiwa amalizie kwa: "...Nikamshika mkono, nikamwambia, 'Twende nyumbani.'" Mtahini anaujua mwisho kabla ya kusoma. Swali la "watarudi nyumbani?" limeshajibiwa, kwa hiyo kulitegemea ni kazi bure. Mwanafunzi auhamishe uzito: kwa nini ilikuwa karibu isiwezekane? Huyu anayeshikwa mkono ni nani, na alikuwa amekataa nini? Wape midokezo mitatu ya aina hii, na kwa kila mmoja waandike swali la hatua ya 2 peke yake. Zoezi hilo linachukua dakika kumi na ni bora kuliko kuandika insha nzima moja.

Kwa maneno 400 hadi 500, kuna nafasi ya tukio moja kuu, wahusika wawili au watatu, na muda usiozidi siku moja. Anayeanza na kuzaliwa kwa mhusika hatafika kilele.

Yakikwama

*"Hadithi inaanza vizuri, kisha inaisha kwa sentensi mbili."* Mwanafunzi amechoka au muda umemwishia. Aanze kwa kuandika kilele, kama katika hatua ya 5, kisha arudi nyuma.

*"Wanarudia matukio ya filamu."* Mwambie mwandishi ahamishe tukio hadi mahali alipowahi kutembea kwa miguu yake: stendi, shamba la chai, ufuo, kituo cha afya. Mengi ya filamu yatajiondoa yenyewe, kwa sababu hayatatoshea.

*"Bado wanamalizia kwa ndoto."* Waeleze kwamba ndoto inafuta hatari yote ambayo msomaji ameivumilia. Wape chaguo la kumwacha mhusika ashindwe. Wengi hawajui kwamba wanaruhusiwa.

*"Wanachanganya Sheng."* Katika mazungumzo ya wahusika, darasani, iache rasimu ya kwanza ipite ili mkondo usikatike. Rasimu ya pili isanifishwe, hasa kama ni ya mtihani.

*"Nina wanafunzi 60, siwezi kusahihisha zote."* Sahihisha aya ya kilele pekee, na swali lililoandikwa juu ya ukurasa. Sehemu nyingine wasahihishane. Wiki ifuatayo chukua aya tofauti.

*"Mwanafunzi ameandika jambo linaloonekana limempata kweli."* Hutokea, hasa ukishapiga marufuku majambazi na kuwaelekeza kwenye maisha yao. Hadithi ya mtoto anayesikiliza nyayo za mtu mlangoni kila usiku huenda isiwe hadithi. Usiisome darasani na usimpe mwenzake aisome. Mwite faragha, muulize kwa upole kama angependa kuzungumza, na usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Ukiona kuna hatari, mhusishe mwalimu wa ushauri nasaha siku hiyo hiyo, kabla hujaweka alama yoyote kwenye karatasi.